Sifa za Doa la Mawese

Doa la mawese limetukanwa vya kutosha. Mafundi cherehani wanalitukana, akina mama wenye watoto wadogo wanalitukana, na bwana harusi aliyekaribishwa mchuzi kabla ya kupigwa picha atalitukana mpaka apate wajukuu. Katika hayo yote sijasikia mtu akisimama kulitetea. Basi nasimama mimi, binti wa Rumonge, Burundi, niliyelishwa ndagala za mawese kabla sijaota meno ya kuzitafuna. Nguo niliyovaa ninapoandika haya ina doa, kwa hiyo shahidi wangu yuko hapa hapa.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza wazee wake. Doa letu ni mtoto wa mchikichi, mti wa Afrika tangu asili. Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya kusini, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, utapita Magara, utapita Minago, na michikichi itazidi kukusogelea mpaka ufike kwetu, ambako imejaa mabondeni, vilimani na nyuma ya vyoo vya watu. Wenzetu wa juu, Bururi na Mugamba, wana ng'ombe, chai na baridi. Sisi wa chini tuna joto, samaki na mti huu. Mkwezi hupanda na panga lake akaangusha mkungu. Mkungu huachwa siku chache ili chikichi zilegee, zikapukuchuliwa, zikachemshwa ndani ya pipa, zikakamuliwa kwa mashine inayozungushwa kwa mikono. Kisha mafuta hurudishwa motoni ili maji yaliyomo yakauke. Kwenye kila hatua kuna mtu aliyeinama, na kwenye kila aliyeinama kuna doa. Anayerudi kutoka kwenye kukamua akiwa msafi, jueni alikwenda kupiga soga.

Kwa hiyo doa hili si uchafu wa njiani. Limetokana na kazi, na limefika mezani kabla ya chakula chenyewe.

Sifa yake kubwa ni ukweli. Baba yangu aliambiwa na daktari apunguze mafuta, na nyumbani alitii kwa adabu iliyotuliza kila mtu. Siku moja alirudi kutoka kwa rafiki yake wa karibu na bandari, akatueleza kwa kirefu jinsi alivyokataa chakula, jinsi alivyokula papai tu, na jinsi papai la mwaka huu lilivyo tamu. Alikuwa akinyoosha mkono kutuonyesha ukubwa wa papai. Kwenye pindo la mkono wa shati, palepale kwenye kifungo, palikuwa na duara la rangi ya chungwa. Mama hakusema neno. Alimwomba shati, akalitia kwenye beseni, na jioni akampakulia mboga za lengalenga zilizochemshwa kwa maji na chumvi. Baba alizila zote, akashukuru. Mashahidi wa mahakamani huapishwa, wala hawafanyi kazi safi namna hiyo.

Kwetu kila mtu ana mahali pake. Baba ni pindo la mkono wa kulia, kwa sababu hawezi kuongea bila kupunga tonge. Mama ni tumboni, kwa kusimama karibu na sufuria ndagala zinapomwagwa kwenye mafuta yaliyokwisha kupata moto. Kaka yangu ni pajani, maana hujipangusa vidole kwa siri akidhani hatumwoni. Mimi ni kifuani, chini kidogo ya kidevu, kwa ile tabia yangu ya kusoma huku nikila, tabia ambayo imelaaniwa na pande zote mbili za ukoo. Nguo zikianuliwa hatuulizani hii ya nani. Tunatazama doa liko wapi, tunagawana.

Shangazi yangu mmoja hana doa. Hajawahi kuwa nalo. Anakula tunachokula, kwa mkono kama sisi, akiwa na kitenge cheupe chenye maua madogo, na huinuka mkekani kama alivyokaa. Nimepeleleza tangu utotoni. Katika ukoo wetu jambo hili limezua mashaka makubwa, na mjomba hamkopeshi pesa hata leo.

Bibi, yeye alikuwa na pembe yake. Kila kitenge chake kilikuwa na pembe moja iliyotengwa kwa mawese: ya kushikia kifuniko cha chungu, ya kufutia chupa inayovuja, ya kutupangusia midomo tukipita mbio. Pembe nyingine tatu zilikuwa za msikitini. Aliniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kike, na akikasirika alinitishia talaka kwa niaba ya babu aliyekwisha kufariki. "Mke mwenzangu," alikuwa akisema, "wewe na kitabu chako mtaniletea doa mpaka peponi." Kisha anavuta ile pembe, anatema mate kidogo, ananipangusa kidevu. Hadi leo nikinusa mawese yaliyokaa kwenye kitambaa, kidevu changu kinajiandaa.

Wapo watakaosema nasifu uzembe. Nawaomba watazame elimu. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, ile ile inayoipa karoti rangi yake, na mwili wa binadamu huigeuza kuwa vitamini A, ambayo macho huihitaji ili yaone vizuri gizani. Viwanda vikubwa vya dunia huyasafisha mafuta haya mpaka yanapauka, karotini yote ikaondoka, ndipo yakatiwa kwenye biskuti. Sisi tunayala na wekundu wake, na kinachobaki tunakivaa. Kwa hesabu yangu, shati la baba linaona usiku kuliko wenye kula biskuti.

Sasa niingie kwenye ugomvi wake na sabuni, maana hapo ndipo hekima ya doa hili inapojitokeza. Watu hukimbilia sabuni bila kuuliza sabuni yenyewe ni nani. Sabuni ni mawese yaliyopikwa na magadi makali. Mafuta yaliyochafua kanzu na kipande kinachoisugua wametoka kwenye mkungu mmoja, na ndiyo maana ugomvi wao hauishi upesi: ni ugomvi wa ndugu, kila mmoja anajua siri za mwenzake. Mwingereza William Lever alitajirika kwa jambo hili. Alianza kuuza sabuni aliyoiita Sunlight mwaka 1884, na mwaka 1911 akapewa na Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi Congo, upande wa pili kabisa wa nchi ile ambayo sisi huiona milima yake kila asubuhi ng'ambo ya ziwa. Huko watu walitumikishwa kwa nguvu kukata mikungu, ili Ulaya ifue mashuka. Sunlight iliondoa madoa mengi, ila hilo la kwake halikutoka.

Hata jina lile la Sunlight, yaani mwanga wa jua, alilichagua vizuri kuliko alivyojua. Kinachoondoa wekundu wa mawese ni jua lenyewe. Karotini haistahimili mwanga, huvunjika pole pole na rangi ikapotea. Bibi hakusoma kemia, lakini hakuwahi kusugua doa kwa hasira. Alipaka sabuni, akatandaza nguo mbichi kwenye majani, doa likiangalia juu, akaenda kwenye shughuli zake. Akirudi analilowesha tena, analiacha tena. Jioni wekundu umekwisha na kimebaki kivuli cha mafuta ambacho mgeni hakioni, ila wa nyumbani anakijua. Wale wanaosugua kwa nguvu na kumwaga dawa za kung'arisha wanapata tundu, halafu wanalilaumu doa. Nauliza: nani mwenye kiburi hapo? Doa likiamriwa na jua, linaondoka. Likiamriwa na binadamu, linataka kwanza kujua ametumwa na nani.

Na uvumilivu wake? Mkoa wa Rumonge ulizaliwa mwaka 2015, ukakatwa kutoka Bururi na Bujumbura Vijijini, ukapata gavana, mihuri na vibao. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa ikabaki mitano, na mji wetu ukaingizwa ndani ya Burunga. Nina kitambaa cha mezani chenye doa lililokuwepo kabla ya mkoa huo kuanzishwa na ambalo lipo bado baada ya mkoa kufutwa. Sisemi hivi kwa kejeli. Nasema tu kwamba watu wanaotafuta kitu cha kudumu wanatafuta mahali pasipostahili.

Doa hili pia halijui vyeo. Mawese ya Rumonge, kwa joto letu, hukaa nusu maji nusu mgando, na hurukia yeyote aliye karibu. Yapeleke Mugamba kwenye baridi, yataganda ndani ya dumu mpaka uyachote kwa kijiko, na hapo huwa na heshima. Lakini huku chini nimemwona mkubwa wa serikali, na suti yake, akikaribishwa ugali wa muhogo na ndagala. Akaomba uma. Uma ukaletwa. Ndagala aliteleza kwenye uma, akarudi sahanini kwa kishindo, na tai ikapata ilichopata. Kuanzia dakika ile mkubwa alivua koti, akanawa, akala kwa mkono, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akasema jambo tulilolielewa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha kanzu. Ilikuwa Idi, na kaka yangu, yule wa pajani, alikuwa ametoka kuswali na kanzu nyeupe iliyoshonwa Buyenzi, Bujumbura, nyeupe hata inaumiza macho. Wiki iliyofuata alikuwa asafiri kwenda Kanada. Bibi alikuwa jikoni tangu alfajiri. Alimwona akiingia uani, akasahau pembe ya kitenge, akasahau kila kitu, akamkimbilia na kumkumbatia kwa mikono iliyotoka kwenye chungu moja kwa moja. Alipomwachia, mgongoni palikuwa na viganja viwili vya mawese, vidole vyote kumi vikihesabika. Mama alipiga ukelele. Mimi nilikwenda kuchota maji. Kaka akasema hapana, akazunguka na ile kanzu nyumba zote za majirani kutoa salamu za Idi, akila na kuonyesha mgongo.

Akaenda nayo Kanada. Huko, anasema, majira ya baridi jua lao ni la picha, halina kazi, kwa hiyo viganja havijapauka sana. Na kanzu ameikunja sandukuni gizani, jambo ambalo kikemia ni sahihi. Bibi alipokuwa hai, kaka akipiga simu hakuulizwa kwanza kuhusu kazi wala mshahara. Aliulizwa: "Mume wangu, mikono yangu ipo?" Akijibu ipo, ndipo maongezi mengine yakafuata.

Lipo pia doa la michikichi ambalo siwezi kulisifu, na mtu wa Rumonge akiliruka atakuwa anadanganya. Mwaka 1972 damu ilimwagika hapa, na watu wengi mno wakakimbilia Congo, ng'ambo ya ziwa, na Tanzania, upande wa kusini, ambako wengi waliishi kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo hadi wakazeeka. Michikichi yao haikukimbia. Iliendelea kuzaa, ikakamuliwa na mikono mingine. Waliporudi miongo kadhaa baadaye, au waliporudi watoto wao, walikuta watu wengine waliozaliwa chini ya miti ile ile, nao wakisema ni yao. Tume iliundwa mwaka 2006 kusikiliza mashauri ya ardhi, na mashauri yaliyotoka kwetu hayakuwa machache. Mzee anaweza kukuonyesha mchikichi akakuambia nani aliupanda. Hapo sabuni haipo, na jua limekwisha kuwaka miaka mingi.

Narudi kwenye doa dogo, ambalo ndilo mteja wangu. Nimelitetea kwa ukoo, kwa ukweli, kwa afya na kwa subira. Wapinzani wangu wamebakiwa na hoja moja: kwamba halipendezi. Wanaosema hivyo ni watu waliokula peke yao, kwa uma, wakiwa wameinamia sahani kwa hofu ya kola zao. Mimi nimekaa mkekani na watu wanaopokonyana mwiko na kusukumana mabega ili kila mmoja afikie pale ndagala zilipo nyingi, na sijaona namna ya kukaa hivyo ukarudi mweupe, ila uwe shangazi yangu.

Kutoka Bujumbura hadi kwetu ni kilomita zisizofika 80. Njoo mchana, wakati ndagala za usiku zimekwisha kuoshwa na mawese yanapashwa moto. Njoo umevaa nyeupe, na ukikaribishwa usiombe kijiko. Sabuni tutakupa sisi.