Madumu Mawili ya Hombolo

Mkulima wa zabibu wa Hombolo anapambana na mengi, na mengi yana dawa yake. Ubwiri unga hupulizwa salfa. Mchwa wanaotafuna nguzo huchimbuliwa, ndege hufukuzwa na watoto. Lakini kishada kikishaiva hakimsubiri mnunuzi, na kikishakatwa kina siku chache tu za kuwa mali. Kwa hiyo wakulima wasiopata nafasi kiwandani hukamua wenyewe, wakahifadhi mchuzi wa zabibu kwenye mapipa ya plastiki, huku wakingoja bei. Mchuzi wa namna hiyo ndio ulioingia nyumbani kwetu mwishoni mwa Agosti, wiki chache kabla ya sendofu ya wifi yangu, na nyumba haikulala.

Safari iliyouleta ilikuwa zawadi ya shemeji, mdogo wake mume wangu, anayefanya kazi Dar es Salaam. Alikuja na mkewe kwa treni ya mwendokasi, akiwa tayari ameshazungumza na kijana mmoja anayepeleka vikundi vidogo Hombolo kutembelea mashamba na kuonja mvinyo. Akalipia Noah nzima: yeye na mkewe, wifi, mimi, baba mkwe na mama mkwe. Mume wangu alibaki na watoto.

Mama mkwe hanywi. Ni Mwanglikana wa zamani, na kileo anakigusa siku ya Meza ya Bwana tu. Shemeji alidhani atakataa, akaanza kumbembeleza tangu usiku. Mama akamkata kauli, akasema yeye atakwenda kuliangalia bwawa, maana hajaliona tangu kaka yake azikwe, na huo mvinyo wao watauonja wenye kutaka.

Tulipita stendi kuu ya Nzuguni na viwanja vya Nanenane, tukafika Ihumwa, tukaiacha barabara ya Morogoro na kushika njia ya kaskazini. Agosti mibuyu haina jani hata moja. Vijito vyote tulivyovuka vilikuwa mchanga mtupu, na mke wa shemeji, mtu wa Tanga, akauliza zabibu zinaishije mahali pakavu hivi. Baba mkwe, ambaye tangu nyumbani hakuwa amesema neno zaidi ya kumjibu dereva salamu, akageuka na kumweleza kwa utulivu mkubwa. Alimwambia mzabibu unapenda ukavu, kwamba mvua ikizidi ndipo magonjwa yanapokuja. Akamwambia Ulaya baridi ndiyo inayoulaza mzabibu, huku kwetu ni mkasi: ukishapogoa unahesabu kama miezi minne, unavuna. Kwa hiyo Dodoma inavuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena Agosti kwenda Septemba, jambo ambalo nchi za mvinyo zinazosifiwa duniani, Ufaransa na Italia, haziwezi.

Nilikuwa nimeishi na mzee huyu miaka mingi bila kujua kwamba ujana wake aliumalizia kwenye mizabibu. Alipogoa, alifunga matawi kwenye waya, alibeba makreti. Kisha akapanda shamba lake mwenyewe, na mwaka mmoja mnunuzi hakuja. Zabibu zilianguka chini zikawa za nyuki. Akang'oa mizabibu akapanda mtama. Haya yote aliyasema kati ya Ihumwa na Hombolo, kwa mtu wa Tanga, na wanawe wawili waliokuwa ndani ya gari walikuwa wanayasikia kwa mara ya kwanza kama mimi.

Bwawa lilitokea ghafla, pana, na ndege weupe wamejaa kandokando. Lilijengwa mwaka 1957 kwa kuukinga mto Kinyasungwe Ndogo, na maji yake yakivuka kingo hushuka hadi Wami na kuishia Bahari ya Hindi. Mama alishuka, akavua viatu, akasogea ukingoni, akachota kwa kiganja na kuyagusa kwa ulimi. "Chumvi imeongezeka," akasema. Kisha akatuonyesha kwa mkono mahali maji yalipokuwa yakifika alipokuwa msichana, mbali na yalipo leo, kwa sababu kila masika mto unaleta udongo na bwawa linazidi kujaa tope. Kijana mwongozaji alikuwa na maelezo yake aliyoyazoea, ila aliyaacha akasimama kumsikiliza mama, na hilo nilimpenda.

Kuonja kulifanyika kwenye kiwanda kidogo, chini ya kivuli, mezani pamewekwa glasi, mkate na ndoo. Hombolo ina viwanda vya namna mbalimbali, kuanzia CETAWICO kilichoanzishwa na Mtaliano hadi majengo ya vyumba viwili kama hili tuliloingia. Tulianza na mweupe, wa zabibu ya Chenin Blanc, wenye harufu ya tunda bichi na ukali mzuri unaofungua mate. Ukafuata mwekundu wa Makutupora, zabibu iliyochukua jina la kituo cha utafiti kilicho upande wa kaskazini wa mji. Huu ni mzito, una rangi inayoganda kwenye glasi. Sioni aibu kusema ni mzuri. Tumezoeshwa kuamini kwamba mvinyo wa kweli unatoka Afrika Kusini na kwamba wa Dodoma ni wa kuwachekea wageni, na watu wanaosema hivyo mara nyingi hawajawahi kukaa mezani Hombolo wakanywa polepole.

Mwongozaji akaeleza kwamba waonjaji hutema kwenye ndoo ili ulimi usichoke. Wifi akatema, shemeji akatema. Baba mkwe akaiangalia ndoo, akaiangalia glasi, akameza. "Najua kazi iliyoingia humu," akasema, na hapana aliyetema tena.

Chakula kilikuwa perege wa bwawani, ugali wa uwele na mlenda. Mama alikula zabibu shada zima, akinywa maji. Baada ya hapo tukaenda kwa mkulima jirani, na hapo ndipo baba mkwe alipotupotea. Tulimkuta katikati ya mistari ya mizabibu, ameinama na mwenye shamba, wanakagua jani moja lenye unga mweupe kwa chini. Walikuwa wanazungumza Kigogo kwa sauti ya chini, na mzee alikuwa ameshika mkasi wa mwenyeji.

Mkulima huyo alikuwa amekamua juzi yake. Kwenye banda lake yalikuwepo mapipa ya plastiki ya lita mia mbili, yamefunikwa kwa vitambaa, na ukisogeza sikio unasikia. Alitueleza vizuri kabisa. Maganda ya zabibu huachwa ndani ya mchuzi ili yatoe rangi. Chachu inakula sukari, inaibadilisha kuwa kileo, na inatoa hewa ukaa. Hewa hiyo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani: lita moja ya mchuzi mtamu, mpaka sukari iishe, inaweza kutoa zaidi ya lita arobaini za hewa. Viwandani hutumia matangi ya chuma kisichoshika kutu, yenye kupozwa, kwa sababu joto la Dodoma huikimbiza chachu. Yeye hana tangi, ana kivuli na ndoo za maji ya kumwagia nje ya mapipa.

Shemeji akapiga hesabu ya wageni wa sendofu na bei ya chupa, akaomba madumu mawili ya lita ishirini. Mkulima alisita. Alisema bado haujatulia, bora tuje baadaye. Shemeji akaomba tena kwa heshima, akasema utatulia nyumbani. Mkulima akajaza madumu akiacha nafasi juu, akafunga mifuniko nusu na kusema mara mbili: msikaze. Mama alikuwa amesimama pembeni. Akainamia dumu moja, akalisikiliza, akasema, "Hiki kitu kinapumua."

Nyumba tunayokaa ni ya kupanga, uani kwa mzee mmoja wa Kondoa, Mwislamu mcha Mungu, ambaye hajawahi kutukataza kitu wala hatujawahi kumkosea. Tulifika magharibi, wakati anatoka kwenda msikitini. Shemeji alishusha madumu chini ya khanga, akayaingiza stoo, penye mchele wa sendofu, mafuta, sukari na nguo alizoshonewa wifi zikiwa zimening'inizwa. Harufu ilianza kutoka. Si mbaya, ni harufu ya matunda na unga wa mkate, lakini ilijaa korido na ikaanza kwenda uani. Akaona haya mbele ya mzee mwenye nyumba. Akachukua mfuko wa plastiki, akauweka mdomoni mwa dumu na kukaza mfuniko juu yake kwa nguvu zake zote, yote mawili.

Mama akamwona. "Mwanangu, legeza hiyo mifuniko."

"Mama, harufu itamfikia mzee."

"Harufu haivunji kitu."

Akaitika, "Sawa mama," akaenda kuoga, na uchovu wa safari ukatuchukua wote.

Ilikuwa usiku wa manane. Mlio ulikuwa wa transfoma kulipuka, ndivyo wote tulivyodhani, na mume wangu alikimbilia swichi kuu. Watoto walilia. Nilipofungua mlango wa stoo nilikanyaga maji ya uvuguvugu. Taa ilipowaka tukaona: dumu la kwanza limepasuka ubavuni kuanzia shingoni hadi kitakoni, mfuniko wake haupo, na siling bodi ina tundu. Mwekundu ulikuwa ukidondoka kutoka juu. Mchele ulikuwa umelowa, sukari imelowa, na gauni la wifi, la rangi ya maziwa, lilikuwa na madoa kuanzia bega hadi pindo. Wifi alilishika mikononi akakaa chini pale pale kwenye mchuzi.

Mlango ukabishwa. Mzee mwenye nyumba, na tochi. Shemeji alirudi nyuma hadi ukutani. Mama alijifunga khanga ya pili kichwani, akaenda kufungua mwenyewe, akamsalimu na kumweleza bila kuficha: ni mchuzi wa zabibu, umetoka Hombolo, umeletwa kwa ajili ya sendofu, na dumu limepasuka. Mzee akauliza jambo moja kwanza, kama watoto ni wazima. Kisha akamulika dari kwa muda. "Siling bodi mtabadilisha," akasema. Akageuka aondoke, halafu akarudi. "Na hilo jingine?"

Hakuna aliyekuwa amelitazama jingine. Lilikuwa kona, nyuma ya gunia la mchele, na lilikuwa limevimba hadi kitako kimekuwa mviringo, limeinamia ukuta. Mume wangu alisema tulitoe nje tulitupe. Baba mkwe akasema asiliguse mtu, kulitikisa ni kuliua. Tukasimama mlangoni, watu wazima wote, na hata mzee wa Kondoa alisimama nasi akishika tochi.

Mama akaomba gunia tupu na ndoo ya maji. Akalilowesha gunia, akalikunja mara kadhaa, akaingia. Alituambia baadaye kwamba bibi yake alikuwa mpishi wa ujimbi, pombe ya mtama ya Wagogo, na kwamba kazi yake ya utoto ilikuwa kulinda mitungi mdomo wazi usiku kucha, kuisikiliza, kuwafukuza mbuzi, kumwamsha bibi sauti ikibadilika. Hakuionja, na alipokua kanisa likamkuta hivyo hivyo. Lakini masikio yake yalibaki na kazi ile. Alifunika dumu kwa gunia lililolowa, akaingiza mkono chini yake, akaushika mfuniko. Akageuza kidogo. Hewa ikafoka. Akasubiri hadi iishe, akageuza tena kidogo. Baba mkwe alisimama karibu yake na taa, hakumwelekeza neno. Ilichukua muda mrefu mno, na dumu likawa linarudi umbo lake taratibu, mpaka mfuniko ukatoka mkononi mwake na povu likapanda, likamwagika kidogo juu ya gunia, likashuka. Mzee mwenye nyumba akasema "Alhamdulillahi" na kwenda kulala.

Alfajiri shemeji alimpigia mama magoti. Mama alimwinua, akamkabidhi fagio.

Dumu lililobaki likawa chini ya mamlaka yake. Lilihamia chumbani kwake, sakafuni penye baridi, mdomoni kitambaa safi cha pamba kilichofungwa kwa uzi. Kila asubuhi na kila jioni aliinama na kulisikiliza. Alimfundisha shemeji, kabla hajarudi Dar, na alinifundisha mimi: kwanza linachemka, kisha linanong'ona, kisha linanyamaza, na likishanyamaza usilikimbilie, acha machicha yakae chini. Siku alipoona limetulia, baba mkwe alivuta mvinyo kwa mpira hadi kwenye chupa tulizochemsha, polepole, akiacha tope kitakoni. Ulitoka mwekundu na safi. Gauni halikusafishika, fundi alikata upya, madoa yakafunikwa na kitenge cha zambarau, na wifi alipendeza. Siling bodi alilipa shemeji.

Kwenye sendofu kila meza ilipata glasi ndogo ndogo, na tuliwaambia wageni unatoka kwa nani. Mzee wa Kondoa alikaa meza ya mbele na soda yake.

Wiki iliyofuata mama aliomba namba ya mkulima wa Hombolo. Alikuwa amezungumza na wenzake wanaoandaa Meza ya Bwana, akawauliza kwa nini kanisa la Dodoma linunue mvinyo uliovuka bahari wakati zabibu zinaoza umbali wa safari ya asubuhi. Walikubaliana naye. Alizungumza na mkulima Kigogo kitupu, akaagiza wa mavuno ya mwanzo wa mwaka, akasisitiza uwe umetulia kabisa kabla ya kusafirishwa. Mkulima, akimkumbuka baba mkwe, alitaja bei ndogo. Mama akaikataa, akapandisha. Shemeji, aliyekuwa akisikiliza kwenye simu nyingine, akasema hiyo ni kubwa. Mama akamwambia anyamaze, na nusu ya fedha ikatumwa siku hiyo hiyo.