Namna ya Kucheza Dame Bila Kugusa Kizibo

Hapa Muheto, kwenye milima ya Masisi, dame inataka watu wawili wa kusukuma vizibo na wengine saba wa kucheza. Ukiwa kati ya hao saba, shika masharti haya.

1. Chelewa. Ukikuta mchezo umefika katikati, simama nyuma ya anayeelekea kushindwa, tingisha kichwa, kisha uliza: "Nani alikutuma kupita huko?" Usingoje jibu. Hiyo ni salamu tu.

2. Usiseme wazi ahamie wapi. Huo ni utovu wa adabu. Kohoa. Mara moja ni "kula", mara mbili ni "acha, ni mtego". Kwa baridi na ukungu wa Masisi, nani atamlaumu mtu kwa kukohoa?

3. Heshimu wakubwa. Mzee akikosea, mwambie kwanza, "Samahani, papa," ndipo ukichukue kizibo chake ukisogeze mwenyewe. Samahani ilishatangulia.

4. Shauri pande zote mbili. Atakayeshinda ameshinda kwa akili yako; atakayeshindwa ni mbishi, hasikii la mtu.

5. Mega zikiwepo, hamia kwenye sataranji ya simu. Tovuti ya Lichess imewatengea watazamaji chumba chao cha kuandikiana, na mchezo ukiendelea wachezaji hawaoni lolote la humo. Wewe andika tu, tena kwa herufi kubwa. Fungua na Stockfish pembeni, ile programu ya bure ambayo hata bingwa wa dunia haiwezi. Ikikuonyesha njia, nyamaza kidogo kama mtu anayewaza, halafu tangaza kwamba uliiona zamani.

6. Kuna msomi atakutajia FIDE, shirikisho la sataranji lililoanzishwa Paris mwaka 1924. Kifungu cha 12.7 cha sheria zake kinamkataza mtazamaji kuingilia mchezo, na mwamuzi anaweza kumtoa ukumbini. Mjibu kwa upole: hapa ni mbele ya butiki, ukumbi hakuna, na mwamuzi ndiye yule anayekohoa.

7. Mshindi akinunuliwa Fanta, dai mgao wa mshauri. Kisha mfuate aliyeshindwa, umpangie vizibo upya na kumwonyesha kila alipokosea, hasa kama anataka kwenda nyumbani.

8. Hatari ni moja tu: mtu kuinuka na kukwambia, "Basi, keti wewe." Kumbuka kwamba tangu uanze kushauri hujashindwa hata mara moja, na sifa hiyo hailindwi kwa kukaa kwenye kile kibao. Inua macho mlimani, ushtuke: ng'ombe wako wameingia kwenye maharagi ya jirani! Kimbia. Kama huna ng'ombe, kimbia zaidi.

Ukirudi, simama upande wa pili.