Mwongozo kwa Mchango Mgeni wa Mwisenge

Bibie mchango, karibu Mwisenge. Ukisikia mtaa mzima unalalamikia michango, usinune; hawakusemi wewe, wanasema kadi za harusi. Nawe hukuja kusoma, kama yule mtoto wa chifu aliyetoka Butiama mwaka 1934. Umeingia kwa kidole kisichonawa, ukapita ini na mapafu, ukakoholewa, ukamezwa tena. Umekuja kutaga mayai yafikayo laki mbili kwa siku.

Mbinu nakupa za binamu yako wa udongoni, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1. Aliyempa umaarufu ni Sydney Brenner, mzaliwa wa Germiston, Afrika Kusini, ambaye mwaka 2002 alipata Nobeli. Mnyoo hakupata hata soda.

Kwanza, mtunze bibi. Katika ncha ya kila mkono wa ovari ya binamu yako imeketi seli moja. Seli changa zinazogusana nayo zina kipokezi juu ya utando wao, kiitwacho GLP-1. Maadamu zinaguswa, zinagawanyika tu, habari za ndoa hazizihusu. Zikishasogea mbali na mkeka wa bibi ndipo zinapoanza safari ya kuwa yai au mbegu. Bibi akiondolewa mapema, wajukuu wote wanaozwa kwa mkupuo na ukoo hauna akiba.

Pili, mshenga. Yai la binamu husimama foleni, na juu ya utando wake yupo mzee mkali, kipokezi VAB-1, anayeshikilia kwamba harusi hakuna. Mbegu za kiume humtumia mshenga: protini ile ile inayoziwezesha kutambaa, safari hii ikiachiwa nje. Mzee akishaipokea, analegeza. Yai linakomaa na kuteremka. (Watu wa Mara mtaelewa, ingawa hapa ng'ombe hawatajwi.) Binamu huyo mara nyingi ni bibi na bwana harusi kwa mpigo, anajitengenezea mbegu mwenyewe; zikimwisha, baada ya watoto kama 300, mzee anakaza tena. Wewe usimwige. Bila mume utataga, lakini mayai hewa, na mayai hewa hayana hata mshahara wa kuiba.

Tatu, mshenga tapeli. Dawa iitwayo piranteli hufika kwenye vipokezi vya misuli yako ikijifanya ujumbe halali wa neva. Vinaipokea kwa heshima zote, misuli inakakamaa, na wewe unatoka kwa njia ambayo bi harusi haingii nayo ukumbini.

Siku ya dawa za minyoo shuleni, hata hivyo, watoto hupewa albendazoli. Hiyo haina shida na mzee wala mshenga. Inapenya hadi ndani ya seli na kubomoa nguzo za nyumba, na hodi haipigi.