Kongole, Mteuzi wa Kikosi cha Jana

Bingwa wa kweli wa soka ya Kenya hana hata medali moja. Ni yule mzee wa mtaa wa Jericho, Nairobi, anayeteua kikosi baada ya mechi kwisha. Mpiga ramli hubashiri yajayo akakosea. Mzee wetu hubashiri yaliyopita, na hajakosea hata siku moja.

Mtafute jioni karibu na uwanja wa Camp Toyoyo, pale mutura inapochomwa. Vipande vinne vya mutura atavipanga kwenye ubao wa mchuuzi viwe mabeki, kachumbari aisukume katikati iwe kiungo, kisha kijiti cha kuchokolea meno akichomeke mbele kabisa. Huyo ni Jesse Were. Juu ya ubao huo, Were hajawahi kupaisha mpira.

Mwaka 2019 kocha Sébastien Migné alimwacha Were, aliyekuwa akicheka na nyavu kule Zesco United ya Zambia, akaenda AFCON Misri bila yeye. Harambee Stars wakalimwa 2-0 na Algeria, wakailaza Tanzania 3-2, wakachapwa 3-0 na Senegal, wakarudi nyumbani. Hiyo ni hesabu ya watu wa kawaida. Kwa hesabu ya Jericho, Were angeifunga Algeria matatu. Na kwa kuwa Algeria ndiyo iliyotwaa kombe, wewe mwenyewe jaza bingwa halisi wa Afrika ni nani. Mkumbushe kwamba Michael Olunga, aliyeitwa, aliifunga Tanzania mawili. Atakujibu kwamba Were angefunga manne.

Ndiyo raha ya mchezaji aliyeachwa: haumii, hachoki, hazeeki. Wazee waliomzidi mzee wetu umri bado wanafanya mabadiliko katika fainali ya Michezo ya Afrika ya 1987, tuliyopoteza 1-0 kwa Misri pale Kasarani. Mwamuzi alishapuliza kipenga, lakini nani kamwambia?

Falsafa yake nayo haina ufa. Kocha akiita wanaocheza ng'ambo, kawadharau vijana wa mtaani. Akiita wa mtaani, kawaogopa wa ng'ambo. Ndiyo maana CHAN ya Agosti 2025 ilimtesa sana, maana kanuni haziruhusu ila wachezaji wa ligi ya nyumbani. Kocha Benni McCarthy akamwacha nani sasa? Stars wakaipiga DR Congo, wakaipiga Morocco, wakaipiga Zambia, wakaongoza kundi. Maskini mzee alikuwa anatafuna mutura kimya. Nafuu ilimjia tarehe 22, Madagascar walipotutoa kwa penalti: papo hapo alijua nani hakustahili kupiga.

Wanaomcheka wajiulize jambo moja (hapa sitanii sana): vijana wangapi wamewahi kuachwa nje ya kikosi na majina yao yakafa siku hiyohiyo? Kwake hayafi. Anayajua yote, na nambari za jezi, na shule walizosoma.

AFCON ya 2027 imepewa Kenya, Uganda na Tanzania. Shirikisho lisihangaike kumtafuta mshauri; liende Jericho na pesa ya mutura. Orodha ya watakaoachwa kimakosa mzee tayari anayo.