Namna ya Kuwanyamazisha Wenzako kwa Takwimu za Sensa

Kwanza hakikisha umeshaamua unachotaka kusema. Sensa huja baadaye, kama ndimu kwenye supu. Anayefungua takwimu bila msimamo anaweza kujikuta amejifunza kitu, na jioni akafika kijiweni hana la kubishia.

Sasa ingia tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kama uko Unguja au Pemba, ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Ripoti za Sensa ya 2022 zipo na zinashuka hadi ngazi ya kata na shehia. Tena ni bure, ila hilo usimwambie mtu. Sema umezipata kwa jamaa yako wa Dodoma.

Utangulizi uruke. Huko ndiko wanakoeleza kwamba walihesabiwa waliolala kwenye kaya usiku wa kuamkia Agosti 23, na maelezo ya namna hiyo huharibu hoja. (Shemeji yangu mmoja usiku ule alilala kwingine, akahesabiwa hukohuko. Karani alipofika nyumbani kumuulizia mkuu wa kaya, dada akamjibu kwa utulivu: "Mimi hapa, andika.")

Tafuta kata yako kwa jina tu. Ukiandika Majengo utaletewa ya Dodoma, ya Moshi, ya Songea na nyinginezo. Kama unaomba zahanati, chukua yenye watu wengi.

Kwenye kulinganisha ndiko kuna utamu. Mwaka 2012 Wilaya ya Kinondoni ilikuwa na watu 1,775,049. Mwaka 2022 ikawa na 982,328. Simama utangaze kwamba watu karibu laki nane wameikimbia Kinondoni, sababu ni foleni na kodi za nyumba. Akitokea mjuaji wa kusema katikati hapo Ubungo ilimegwa ikawa wilaya yake, yenye watu 1,086,912, mwulize anatumwa na chama gani.

Idadi ya taifa itamke yote, 61,741,120, hadi ile ishirini ya mwisho. Ukisema "kama milioni 62 hivi" hakuna atakayekujali.

Wastani nao ushike kwa tahadhari. Mimi niliubeba hadi mkutano wa mtaa: kaya moja, watu 4.3. Nikazidisha kwa kaya zetu zote, nikapata ndoo za maji tunazohitaji kwa siku, nikazisoma kwa sauti. Mama mmoja wa vitumbua akanyoosha mkono.

"Mwanangu, kwangu tupo kumi na mmoja, bomba moja, na linatoa maji Jumanne. Hao wanne na nukta wanakaa nyumba ipi, na sisi tukachote?"

Mwenyekiti akaandika kwenye muhtasari, "Takwimu zimepokelewa," kisha akafungua ajenda ya mbuzi wanaozurura.