Ndege Tatu, Safari Moja

Wapo wenye nongwa walionuna mwaka 2023, Uingereza ilipopeleka Dubai ndege tatu kwenye COP28, mkutano wa mabadiliko ya tabianchi: moja ya Mfalme Charles, moja ya Waziri Mkuu Rishi Sunak, moja ya Waziri wa Mambo ya Nje David Cameron. Eti wote walikuwa wanakwenda mji mmoja kwa jambo moja. Hawa hawajui itifaki. Mlitaka mfalme asogezwe-sogezwe na mawaziri wake kama abiria wa daladala ya Gongo la Mboto? Na hiyo hewa ukaa inamwagwa kilomita kumi angani, ambako hakuna anayekohoa.

Wengine wakauliza kwa nini wasizungumze kwa video. Kwa video! Picha ya pamoja ingepigwa wapi, na suti zile zingeonekana kuanzia kifuani tu?

Tena kazi ilifanyika. Kwenye mkutano huohuo ilizungumziwa nishati safi ya kupikia kwa wanawake wa Afrika, na ni haki kabisa: mama lishe anayepepea mkaa chini ya sufuria ya maharage lazima aonywe mapema, kabla hajaiharibu dunia. Ujumbe mzito namna hiyo hauwezi kusafirishwa kwa ndege moja.

Mwaka uliofuata wajumbe wakaenda Baku, na 2025 Belém, Brazili, kuutembelea msitu wa Amazon. Ilibidi. Msitu hauna pasipoti.