Kilo za Kujiandikia

Kumbe ilibidi tungoje Februari 2025 ndipo baraza linalosimamia maduka ya dawa Uingereza liseme kwamba, kabla ya kumuuzia mtu sindano ya kupunguza unene mtandaoni, kilo zake zihakikiwe. Awali dodoso liliweza kutosha. Wegovy, mojawapo ya sindano hizo, huanzia kwenye uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 30, au 27 kwa mwenye maradhi yaletwayo na unene. Mwenye sentimita 165 na kilo 68 hafikii. Akirudi kwenye kisanduku kilekile cha dodoso akaandika 83, amefuzu, hongera! Sasa inatakiwa video, rekodi za matibabu, neno la daktari wake au aje mwenyewe.

Wanaolalamika wanasema mnene anayeona haya atafungiwa mlango. Hoja ina uzito, tena usiohitaji dodoso. Ila rekodi zinaweza kumsemea bila kamera kumkodolea macho. Anayekosa pa kushika ni mwembamba, pamoja na muuzaji wake. Na dawa yenyewe hutapisha, mara chache huvimbisha kongosho. Sharti hili halina ukali wowote; limechelewa tu.